Injini Iwashwe Mwisho

Mchezo wa sataranji ukiisha, kitufe cha uchambuzi kimeshajitokeza kwenye skrini, na kidole hukifikia kabla akili haijauliza chochote. Baada ya sekunde chache kila kitu kiko wazi: hatua ya 23 ilikuwa kosa kubwa, farasi alitakiwa aende d5. Mtu anaguna, anafunga ukurasa, anaanza mchezo mwingine. Wiki inayofuata anarudia kosa lile lile kwenye ubao unaofanana kidogo tu na ule wa kwanza. Wengi wanaolalamika kwamba programu hazijawainua wana programu nzuri tu. Kinachowaangusha ni mpangilio wa kazi. Jibu limewahi kabla ya swali, na jibu la aina hiyo halikai kichwani.

Vifaa vyenyewe havihitaji maneno mengi. Stockfish, injini (programu inayokokotoa hatua bora) iliyoanza mwaka 2008, ni ya bure na msimbo wake uko wazi; hata ile inayoendeshwa ndani ya kivinjari inamzidi binadamu yeyote kwa mbali. Kununua kompyuta ya nguvu ili kuchambua michezo ya mtu wa kiwango cha pointi 1400, yaani mchezaji wa kawaida, ni kutupa fedha. Kwa mwenye simu au kivinjari, tovuti ya sataranji ya Lichess inatosha, nayo hailipiwi. Anayependa kufanya kazi bila intaneti ana Lucas Chess, SCID vs. PC na En Croissant, zote bure pia. Ukipakua Stockfish peke yake utakuta matoleo kadhaa kulingana na prosesa. Kwenye kompyuta ya zamani, injini ikijifunga mara tu inapowashwa, mara nyingi umechukua toleo linalodai maagizo ya AVX2 ambayo prosesa yako haina; chukua la chini yake. Kwenye mipangilio, Hash (kumbukumbu inayopewa injini) ya megabaiti 512 inatosha, Threads (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja) ziwe pungufu kwa moja kuliko viini vya prosesa, na MultiPV iwe 3 ili uone njia tatu bora badala ya moja.

Kuna vitu vya kuzima pia. Zima upau wa tathmini ulio kando ya ubao, zima mishale, na zima vidoti vinavyoonyesha kete uliyoigusa inaweza kwenda wapi. Jicho lililozoea vidoti huacha kutafuta lenyewe, na askofu aliyejificha kona ya mbali huonekana pale tu kete inapoguswa. Ukikaa mbele ya ubao wa mbao hakuna kidoti hata kimoja.

Sasa uchambuzi wa mchezo wako mwenyewe, ambao ndio shule kubwa kuliko nyingine zote. Uanze siku ile ile, wakati bado unakumbuka ulichokuwa unawaza. Chukua mchezo wa muda wa kutosha, tuseme dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Mchezo wa dakika 3 hauna mawazo ya kutosha ya kuchambua, una mazoea tu. Pitia hatua zote bila injini kwa dakika 20 hadi 30 na utafute sehemu tatu au nne za kusimama. Ziko aina tatu ambazo karibu kila mchezo huzitoa. Ya kwanza ni pale ulipotumia muda mrefu kuliko kwingine. Lichess huhifadhi muda wa kila hatua na kuuchora kwenye chati, kwa hiyo huna haja ya kukisia. Ya pili ni pale hatua ya mpinzani ilipokushtua. Ya tatu, inayosahaulika, ni pale ulipojiona huna la kufanya ukasogeza kete ili mradi zamu ipite.

Katika kila sehemu andika mambo matatu ndani ya faili la PGN, yaani faili la maandishi linalohifadhi hatua za mchezo: hatua ulizozifikiria, mstari uliouhesabu hadi ulipoishia, na hali ya mchezo kwa maneno, kama vile "nyeupe iko vizuri kidogo kwa sababu farasi wangu hana pa kukaa". Kuandika kunachosha, na hapo ndipo wengi huacha. Lakini bila maandishi, injini ikishasema lake, kumbukumbu hujirekebisha yenyewe na mtu huapa kwamba hatua ile alikuwa ameiona.

Hapo ndipo injini inaruhusiwa kuingia. Iache ifike kina (idadi ya hatua inazotazama mbele) cha 22 au 25 kabla ya kuamini chochote, maana katika kina cha 12 namba bado zinayumba. Kisha jifunze kuzisoma: chanya ni faida kwa nyeupe, hasi ni kwa nyeusi. Tangu toleo la 15.1 la mwishoni mwa 2022, Stockfish imepangwa hivi kwamba +1.00 maana yake ni uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda, injini ikicheza na injini. Kumbe hata +1.00, kwa mashine zenyewe, ni karibu nusu kwa nusu kati ya ushindi na sare. Kwa wachezaji wa kawaida tofauti kati ya +0.2 na +0.5 haina maana yoyote, na kuihangaikia ni kujitesa. Kushuka kutoka +7 hadi +4 nako si kitu, ushindi upo palepale. Kinachostahili jasho ni kuvuka mpaka: ulikuwa unashinda sasa ni sare, au ilikuwa sare sasa unapoteza.

Zile njia tatu za MultiPV ndizo zinazosema zaidi kuliko namba moja. Ikiwa ya kwanza ni +0.3, ya pili +0.2 na ya tatu +0.1, basi nafasi hiyo ilikuwa ya hiari, na chaguo lako la +0.0 si kosa hata programu ikilipaka rangi. Ikiwa ya kwanza ni +0.3 na ya pili ni -2.1, ulikuwa kwenye daraja la kamba: hatua moja tu ilikuokoa. Nafasi za namna hii ndizo za kuhifadhi.

Sasa jambo ambalo watu hawalifanyi. Injini inakuonyesha hatua bora, ilhali swali lako halisi ni kwa nini hatua yako haikufaa. Ingiza hatua uliyoikataa, au ile uliyoicheza, na uache injini ikujibu upande wa mpinzani. Ukiona jibu lake hulielewi, jaribu kulipinga tena kwa hatua unayoiona ya kawaida, na uendelee hivyo mpaka ubao wenyewe useme: malkia ameliwa, mfalme hana pa kukimbilia, askari hazuiliki. Mara nyingi unafika baada ya hatua mbili au tatu. Kwenye ubao wa uchambuzi wa Lichess, kubonyeza herufi x kwenye kibodi kunaonyesha tishio, yaani mpinzani angefanya nini kama wewe ungeruka zamu yako. Wachezaji wa viwango vya kati wangeokoa michezo mingi kwa swali hilo moja, na hakuna kitufe kingine kinachofundisha kuliuliza.

Maliza kwa sentensi moja ya maelezo isiyo na namba. "Sikuona kwamba askari wa f7 alikuwa amebanwa, kwa hiyo hakuweza kula g6" ni sentensi nzuri. "Ilikuwa -1.8" si maelezo, ni kunakili. Zipo pia hatua za injini ambazo sababu yake inaonekana baada ya hatua kumi na mbili kamilifu, na kuyumba mara moja katikati kunaharibu kila kitu. Hizo ziache. Shuka kwenye njia ya pili au ya tatu utafute ile unayoweza kuicheza kweli ukiwa na dakika nne kwenye saa.

Weka daftari la makosa, na safu zake zisizidi nne: sikuona kabisa, niliona nikaacha kuhesabu mapema, sikujua mpango, saa ilinibana. Baada ya michezo ishirini hivi hesabu alama katika kila safu. Majibu yake huelekeza mazoezi kuliko ushauri wa mtu yeyote. Mwenye alama nyingi kwenye "sikuona" anahitaji mafumbo mepesi (nafasi za ubao za kutafutia hatua sahihi) kwa wingi. Mwenye "niliacha mapema" anahitaji mafumbo magumu machache. Mwenye tatizo la saa akiongezewa mafumbo hasaidiki. Huyo aangalie alitumia dakika ngapi kwenye hatua kumi za kwanza.

Mafumbo yenyewe yana mtego wake. Hifadhi ya Lichess ina mamilioni, yametolewa kwenye michezo halisi na kukaguliwa na Stockfish, na yametengenezwa hivi kwamba kila hatua ina jibu moja tu sahihi, isipokuwa mwishoni ambapo mati yoyote inakubaliwa. Programu hujibu papo hapo, kwa hiyo mchezaji hujifunza tabia ya kutupa hatua ya kwanza inayong'aa, kuona mpinzani anajibu nini, ndipo aanze kufikiri. Kwenye mchezo halisi, hiyo ndiyo njia ya kupoteza malkia. Dawa ni kanuni ngumu: usiguse kete mpaka mstari wote uwe kichwani, pamoja na jibu kali kuliko yote la mpinzani. Ukipata hatua ya kwanza kwa bahati na ya tatu ukaishangaa, jihesabie umekosa hata kama programu imekupa alama.

Kuna mazoezi mawili tofauti humu, na kuyachanganya kunaharibu yote. La kwanza ni la jicho. Weka ugumu kwenye ngazi iliyo pointi 300 chini ya kiwango chako cha mafumbo, fanya mafumbo 20 hadi 30, sekunde thelathini hivi kila moja, na lengo ni kupata tisa katika kila kumi. Ukishuka chini ya saba, umeharakisha au umechoka, funga. La pili ni la kuhesabu. Ugumu wa kawaida au wa juu, mafumbo matano tu, hadi dakika kumi kila moja, bila kusogeza kitu. Ile michezo ya kasi ya dakika tatu, ambapo mafumbo humiminika mfululizo, inaburudisha na inaweza kutumika kupasha moto, lakini haifai kuitwa mazoezi ya kuhesabu.

Kuchagua mada moja, tuseme farasi anayeshambulia kete mbili kwa mara moja, kunafaa siku mbili tatu za kwanza za kuijifunza mada hiyo. Baada ya hapo changanya, kwa sababu jina la mada ni nusu ya jibu. Na hata mafumbo yaliyochanganywa yanakuambia jambo ambalo hakuna mtu atakunong'oneza mchezoni, kwamba hapa pana kitu. Ndiyo sababu kiwango cha mafumbo kinaweza kupanda pointi mia tatu na cha michezo kisisogee. Kupunguza pengo hilo, tumia mada ya hatua za ulinzi, na utafute mafumbo yaliyotoka kwenye michezo yako mwenyewe. Lichess inaruhusu kuyatafuta kwa jina la mchezaji. Changanya na nafasi ulizozihifadhi ambamo jibu sahihi ni hatua ya kimya, isiyokula wala kutoa shaha.

Nafasi hizo zihifadhiwe kama kadi, kwenye Anki au programu nyingine inayorudisha kadi kwa vipindi vinavyorefuka: baada ya siku moja, tatu, wiki, wiki mbili, mwezi na kuendelea. Mbele weka picha ya ubao na nani ana zamu, basi. Usiandike "nyeupe inashinda". Nyuma weka hatua na ile sentensi yako moja. Kadi mbili au tatu kwa kila mchezo zinatosha. Anayeingiza kumi na tano atakuta rundo la mamia baada ya mwezi na ataacha kila kitu. Kadi unayoikosa mara nne mfululizo mara nyingi ni kadi mbovu, ama ina majibu mawili yanayokaribiana, ama sababu yake ni ndefu mno. Ifute bila huruma.

Ufunguzi nitaupitia haraka, kwa sababu tayari unapewa muda kuliko unavyostahili. Faili la ufunguzi la hatua sita hadi nane kwa kila njia kuu linamtosha mtu yeyote aliye chini ya 1800. Linalosaidia sana ni hifadhidata ya michezo ya Lichess, kwa kuichuja ibaki michezo ya viwango vinavyokaribiana na chako, ili ujiandae kwa yale unayokutana nayo kweli. Chukua 1.d4 e5, ambayo injini inaidharau. Baada ya 2.dxe5 Nc6 3.Nf3 Qe7 4.Bf4 Qb4+ 5.Bd2 Qxb2, nyeupe akicheza hatua inayovutia 6.Bc3 anaporomoka: 6...Bb4 7.Qd2 Bxc3 8.Qxc3 Qc1, mati. (N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme, x ni kula na + ni shaha, kama programu nyingi zinavyoandika.) Injini itakuambia tu ucheze 6.Nc3 na uko juu sana. Hifadhidata itakuonyesha jinsi watu wa kiwango chako wanavyotumbukia. Unahitaji zote mbili. Tahadhari moja: hatua yenye michezo kumi na miwili na ushindi wa asilimia 75 haijathibitisha kitu.

Miisho ya mchezo ndipo programu inapokuwa mwalimu asiyekosea kabisa. Jedwali za Syzygy zina jibu kamili la kila nafasi yenye kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo. Jedwali za kete tano zinachukua takriban gigabaiti 1, za hadi sita karibu 150, na za saba zinahitaji zaidi ya terabaiti 16, kwa hiyo hizo za mwisho zisomwe kwenye Lichess ambako zimewekwa tayari. Nakili mstari huu, unaoeleza kete ziko wapi na nani ana zamu, kwenye ubao wa uchambuzi: 8/8/4k3/8/4K3/4P3/8/8 w - - 0 1. Nyeupe ana zamu na ni sare. Badilisha w iwe b, zamu iende kwa nyeusi, na nyeupe anashinda. Cheza pande zote mbili dhidi ya injini mpaka usikosee, kisha sogeza kete zote safu moja pembeni, halafu mbili, na ukifika kwenye safu ya a uone ushindi ule unavyoyeyuka.

Halafu nenda kwenye ngome: 6K1/4k1P1/8/8/8/8/7r/5R2 w - - 0 1. Mfalme mweupe amenaswa mbele ya askari wake, na njia ya kumtoa ni 1.Re1+ Kd7 2.Re4, ngome ikijiandaa kumkinga baadaye: 2...Rh1 3.Kf7 Rf1+ 4.Kg6 Rg1+ 5.Kf6 Rf1+ 6.Kg5 Rg1+ 7.Rg4. Usikariri mstari. Uicheze na injini, maana itakataa kukupa 5...Rf1+ kila mara, ikijaribu 5...Kd6, jibu ni 6.Rd4+ kisha, mfalme mweusi akienda c5 au c6, ngome iende d8. Jambo moja linalowachanganya wengi: Syzygy huhesabu umbali hadi kuliwa kwa kete au kusogea kwa askari, kwa ajili ya kanuni ya hatua 50 (sare inaweza kudaiwa baada ya hatua 50 bila kula wala kusogeza askari), hivyo hatua inayoipa nafasi ya kwanza huweza kuonekana ya ajabu, hata kutoa kete bure ili hesabu ianze upya. Ukiona zinazoshinda ni nyingi, chagua unayoielewa.

Kwa mpinzani wa mazoezi, ngazi dhaifu za Stockfish ni walimu wabaya. Hucheza kama bingwa kwa hatua kadhaa, ghafla hutupa kete bila sababu, na unajifunza kusubiri zawadi. Maia, iliyotolewa mwaka 2020, ilifundishwa kwa michezo ya binadamu ya Lichess, ikiwa na matoleo tisa ya viwango vya 1100 hadi 1900, na makosa yake yanafanana na ya watu. Ukiiweka kwenye kompyuta yako kupitia injini ya Lc0, weka kikomo cha nodi 1, yaani isitafute mbele. Ukiiacha itafute mbele inaanza kuondoka kwenye uchezaji wa kibinadamu, na maana yake inapotea. Stockfish ya nguvu zote ina kazi nyingine: chukua nafasi kutoka mchezo wako ambamo ulikuwa +3 ukaponyokwa, na uishinde. Itakwepa kwa kila njia, nawe utajua ni wapi unalegea. Ukishindwa mara tatu, badili upande, utazame inavyoumaliza mchezo huo, kisha rudi.

Matumizi haya yote ni nje ya mchezo unaoendelea. Lichess inaruhusu kutazama hifadhidata ya ufunguzi katika michezo ya siku nyingi kwa hatua, ila injini hairuhusiwi humo pia.

Kwa mwenye saa tano kwa wiki, mgao unaofaa ni saa mbili za michezo ya muda mrefu, saa moja na nusu ya kuichambua, saa moja ya mafumbo iliyogawanywa katika siku nne au tano, na nusu saa iliyobaki ya kadi na miisho. Ufunguzi haumo. Unaingia kupitia uchambuzi, pale mchezo ulipoharibikia hatua ya saba. Wiki ikiwa na saa mbili tu, punguza mafumbo kwanza. Mchezo mmoja uliochambuliwa hadi kwenye sentensi zake tatu ubaki.